Waliokufa wakarudi: hadithi za ufufuo kabla ya Ukristo

Mwaka 458 KK watu wa Athens walikusanyika chini ya kilima cha Acropolis kutazama tamthilia mpya za Aeschylus. Katika ile ya tatu kuna kesi: kijana Orestes amemuua mama yake, na sasa anahukumiwa kwenye kilima cha Areopago. Mtetezi wake ni mungu Apollo. Katikati ya utetezi Apollo anatamka neno zito. Minyororo hufunguliwa, anasema, lakini mtu akishakufa na vumbi likainywa damu yake, hakuna tena *anastasis*. Baba yangu Zeus hupindua mambo yote juu chini bila hata kutweta, ila kwa jambo hilo hakutunga uganga wowote.

*Anastasis* ni neno la Kigiriki lenye maana ya kusimama, kuinuka. Waswahili tunalo neno lenye picha ileile: kiyama, lililotujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kusimama. Mzizi huohuo umo katika "Talitha, kumi", maneno ya Kiaramu yaliyoachwa jinsi yalivyo katika Injili ya Marko, Yesu anapomwambia binti wa Yairo ainuke.

Miaka mia tano baada ya tamthilia ile, Paulo naye alisimama Areopago. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinasema wasikilizaji walimvumilia vizuri mpaka alipotaja *anastasis* ya wafu. Hapo wengine wakamdhihaki, na wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine.

Waliomcheka walikuwa wamelelewa kwenye hadithi za miungu wanaokufa. Katika mji huohuo, tangu zama za mababu zao, wanawake walipanda juu ya mapaa kila mwaka kumlilia Adonis, kijana mpenzi wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Meli zao zilikwenda na kurudi Misri, nchi ya mungu Osiris. Sasa kila Pasaka inapokaribia hatukosi kuambiwa kwamba kufufuka lilikuwa jambo la kawaida katika dini za kale, na kwamba Wakristo walinakili tu. Ikiwa ni hivyo, watu wa Athens walicheka nini?

Hoja ya kunakili ina historia yake. Mwaka 1890 msomi wa Cambridge, James George Frazer, alichapisha kitabu chake *The Golden Bough*, kilichoendelea kunenepa hadi kikafika juzuu kumi na mbili. Frazer aliwaweka Tamuzi, Adonis, Attis na Osiris katika kapu moja. Kwake wote walikuwa mungu yuleyule kwa majina mbalimbali: roho ya mimea inayokufa na kuchipuka tena. Kapu hilo lilipendwa sana, na kwa miongo mingi wasomi wengi walilipokea. Mwaka 1987 Jonathan Z. Smith, Mmarekani, akaligeuza kapu juu chini katika makala ya ensaiklopidia. Alisema ukichunguza maandishi yenyewe utakuta miungu waliotoweka bila kufa, au waliokufa bila kurudi. Wanaofanya yote mawili, kwake, ni kama hawapo. Mwaka 2001 Tryggve Mettinger wa Uswidi akajibu kwamba Smith naye amezidisha: wapo wachache waliokufa kweli na kurudi kweli, na ushahidi wao ni wa kale kuliko Ukristo. Lakini Mettinger huyohuyo aliongeza kwamba hakuona ushahidi kuwa habari ya Yesu ilitungwa kutokana na hao.

Naona ugomvi huu unatokana kwa sehemu kubwa na neno moja kubebeshwa mizigo mingi. Tunasema "kufufuka" kwa mgonjwa aliyezinduka, kwa mfalme anayeishi ahera, kwa mungu anayepanda na kushuka kama msimu, na kwa mfu aliyetoka kaburini asife tena. Kila hadithi inabidi iulizwe: ni nani hasa aliyekufa, baada ya hapo akawa wapi, alirudi mara moja au hurudi kila mwaka, na ni nani aliyeiandika na lini. Swali hilo la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo linaloumbua mengi.

Tuanze na ya kale iliyo nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu. Inatoka Sumeri, kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki. Vibao vya udongo vyenye shairi hili viliandikwa karibu miaka 1,700 au 1,800 kabla ya Kristo, na vingi vilipatikana katika magofu ya mji wa Nippur. Inanna, mungu wa mapenzi na vita, anaamua kushuka kuzimu anakotawala dada yake Ereshkigal. Anavaa taji, shanga, vazi la kifahari, kila alama ya mamlaka yake. Kuzimu kuna milango saba. Kila mlango bawabu anamvua kitu kimoja, na kila akiuliza kulikoni anajibiwa anyamaze, sheria za kuzimu hazihojiwi. Anafika mbele ya dada yake akiwa uchi. Waamuzi saba wanamtazama kwa jicho la mauti, anakuwa maiti, na maiti inatundikwa kwenye kulabu kama nyama.

Kabla ya kuondoka alimwachia mjumbe wake Ninshubur maagizo. Siku tatu mchana na usiku zikapita, naye Ninshubur akaanza kulia, akapiga ngoma, akaenda kubisha kwa miungu wakuu. Enlil alikataa. Nanna, baba yake Inanna, akakataa. Enki peke yake ndiye aliyeona uchungu. Alitoa uchafu chini ya kucha zake, akafinyanga viumbe viwili vidogo, akavipa chakula cha uhai na maji ya uhai. Vikapenya kuzimu kama nzi. Huko vikamkuta Ereshkigal amelala akiugulia kama mwanamke aliye kwenye uchungu wa uzazi. Akisema "ole wangu, tumbo langu", navyo vikasema "ole wako, tumbo lako". Malkia wa wafu, ambaye hajawahi kuhurumiwa na mtu, akaguswa. Akavipa ruhusa ya kuomba chochote. Vikakataa mto wa maji, vikakataa shamba la nafaka, vikaomba ile maiti kwenye kulabu. Vikainyunyizia chakula na maji ya uhai, na Inanna akainuka.

Hapa tusione haya kusema wazi: huu ni ufufuo. Amekufa, mwili upo, unainuka. Wanaosema hapakuwa na kitu kama hicho kabla ya Ukristo hawajausoma ushairi huu.

Ila hadithi haijaisha. Kuzimu hakuachi mtu atoke bila kulipa. Inanna lazima amtoe mwingine ashike nafasi yake, na mashetani wanamfuata juu kumchukua huyo. Wanataka kumchukua Ninshubur, Inanna anakataa, huyu ndiye aliyenililia. Wanawataka wengine waliovaa nguo za msiba, anakataa. Kisha wanafika Kulaba na kumkuta mumewe, mchungaji Dumuzi, amekaa kwenye kiti cha enzi kwa mavazi mazuri. Inanna anamtazama kwa lile jicho la mauti. Mchukueni, anasema. Mwishoni dada yake Dumuzi, Geshtinanna, anajitolea, na wanagawana mwaka: nusu kaka, nusu dada.

Wasomi wa mwanzo hawakuwa na mwisho huo. Walikuwa na vipande vilivyovunjika, na toleo fupi la Kiakadi, lugha nyingine ya nchi hiyohiyo, lenye mistari michache ya mafumbo kuhusu Tamuzi, jina jingine la Dumuzi. Wakajaza pengo kwa kile walichokitarajia, yaani kwamba mungu wa kike alishuka kuzimu kumwokoa mpenzi wake. Vibao zaidi viliposomwa ikabainika ni kinyume kabisa, kwamba ndiye aliyempeleka. Mwaka 1966 Samuel Noah Kramer, aliyeutumikia ushairi huu kwa miongo, alichapisha masahihisho kuhusu ile zamu ya nusu mwaka. Kwa hiyo Dumuzi kweli hurudi, lakini hurudi kama mtu wa zamu, na kila kurudi kwake ni kushuka kwa dada yake. Na zile siku tatu si siku ya kufufuka. Ni muda aliongoja mtumishi mwaminifu kabla ya kupiga yowe.

Kilio cha Tamuzi kilisafiri mbali. Nabii Ezekieli, sura ya 8, aliwaona katika maono wanawake wameketi penye lango la kaskazini la hekalu la Yerusalemu wakimlilia, na jina lake limebaki katika kalenda ya Kiyahudi kama jina la mwezi.

Osiris ni habari nyingine kabisa, ingawa ndiye anayetajwa kwanza kila mjadala huu ukizuka. Hadithi yake kamili hatukuachiwa na Wamisri. Aliyeisimulia kutoka mwanzo hadi mwisho ni Mgiriki, Plutarch, mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Seth anamlaghai ndugu yake aingie kwenye sanduku lililochongwa kwa kipimo cha mwili wake, analifunga, analitupa mtoni. Sanduku linafika hadi Byblos, pwani ya Lebanoni ya leo. Isis, mke wa Osiris, analifuata, analirudisha, lakini Seth anaugundua mwili na kuukata vipande 14. Isis anazunguka Misri akiviokota. Anavipata vyote isipokuwa kimoja, kiungo cha uume, kilichomezwa na samaki.

Maandishi ya Wamisri wenyewe ni ya kale zaidi, na hayasimulii, yanatamka. Katika piramidi ya mfalme Unas huko Saqqara, karibu mwaka 2350 KK, kuta za chumba cha maziko zimejaa maneno ya kumsindikiza. Mojawapo linasema: Ee Unas, hukuondoka ukiwa umekufa, umeondoka ukiwa hai. Kisha linamwambia aketi kwenye kiti cha Osiris. Hapo ndipo ufunguo ulipo. Osiris yu hai, ana nguvu, ni mfalme, lakini ni mfalme wa upande wa magharibi, wa wafu. Hakurudi kukaa Misri. Kiti chake duniani alikirithi mwanawe Horus. Tumaini la Mmisri halikuwa kutoka kaburini, bali kuishi vizuri huko aendako, mwili ukiwa umehifadhiwa, moyo ukiwa umepimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, na kuonekana haukuzidi. Baada ya muda tumaini hilo halikuwa la wafalme tu. Marehemu wa kawaida aliitwa Osiris, kisha jina lake.

Na bado kulikuwa na mbegu. Mwezi wa Khoiak, maji ya mto Nile yakipungua, makuhani walitengeneza sanamu za Osiris za udongo na nafaka, wakazimwagilia. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikuwamo fremu ya mbao yenye umbo la Osiris, iliyojazwa tope la Nile na kupandwa shayiri. Shayiri ilikuwa imeota gizani. Huko Abydos kaburi la mfalme wa kale, Djer, lilidhaniwa kuwa la Osiris mwenyewe, na mahujaji waliacha vyungu vya sadaka kwa karne nyingi hadi Waarabu wakapaita mahali hapo Umm el-Qa'ab, mama wa vyungu. Vigae vyake bado vimefunika ardhi. Watu hao wote walitembea jangwani kwa ajili ya jambo walilolipenda, na sioni haki ya kuligeuza kuwa rasimu ya imani ya watu wengine.

Lazima niseme kitu kuhusu Horus, maana jina lake limesingiziwa mengi. Katika video zinazozunguka kwenye simu anaambiwa alizaliwa tarehe 25 Desemba, akasulubiwa, akazikwa siku tatu, akafufuka. Hakuna andiko la Misri linalosema hivyo. Lililopo ni zuri kuliko uzushi huo. Kwenye jiwe la karne ya 4 KK linalojulikana kama Metternich, Horus mchanga anakutwa na Isis amelegea, amechomwa na nge, hapumui. Mama analia mpaka mashua ya jua inasimama angani na dunia inangoja. Thoth, mungu wa hekima, anashuka na maneno ya uponyaji, mtoto anarudiwa na uhai. Wagonjwa walikunywa maji yaliyomwagwa juu ya mawe kama hilo, wakitumaini kwamba lililomfaa Horus litawafaa na wao. Kiswahili kina neno lake kwa tukio kama hili: kuhuika.

Tukipanda kaskazini hadi pwani ya Siria tunamkuta Baal. Mwaka 1928 mkulima akilima karibu na Ras Shamra aligonga jiwe la kaburi. Mwaka uliofuata Wafaransa wakiongozwa na Claude Schaeffer walianza kuchimba, na mji wa Ugarit ukatoka ardhini pamoja na maktaba yake. Mji huo uliteketea mwanzoni mwa karne ya 12 KK, kwa hiyo yaliyomo hayawezi kuwa yameguswa na mkono wa Mkristo. Humo Baal, mungu wa mvua na radi, anaitwa na Mot, yaani Mauti, ambaye mdomo wake mmoja uko ardhini na mwingine mbinguni. Baal anakubali kushuka kooni mwake. El, mkuu wa miungu, anateremka kwenye kiti, anakaa chini, anajimwagia vumbi kichwani na kujichanja mwili. Dada yake Baal, Anat, anamkamata Mot. Anamkata kwa upanga, anampepeta kwa ungo, anamchoma motoni, anamsaga, anamtawanya shambani. Kila aliyewahi kuvuna nafaka anaijua kazi hiyo. Ndipo El anaota mbingu zinanyesha mafuta na mabonde yanatiririka asali, na anacheka na kusema: nimejua kwamba Baal yu hai.

Anarudije? Kibao kimevunjika hapohapo. Pengo la mistari kadhaa limekaa mahali ambapo tungependa sana kusoma, na wasomi wamelipigania kwa vizazi. Wapo wanaosema alijificha na aliyekufa ni mfano wake. Mimi ninaona maneno ya El yanatosha: walimlilia kama mfu, wakamzika, kisha yu hai. Hapo nakubaliana na Mettinger. Ila Mot naye, baada ya kusagwa, anarudi baada ya miaka saba na kupigana tena. Mshindi wa hadithi hii hajamaliza vita. Kule Siria mvua hukoma miezi mingi ya kiangazi, na hofu ya shairi hili ni hofu ya mkulima anayetazama wingu ambalo halijaja.

Kuhusu Adonis, angalia tarehe. Karibu mwaka 600 KK mshairi Sappho, wa kisiwa cha Lesbos, tayari anao wasichana wanaomlilia: anakufa Adonis mwororo, tufanyeje? Huko Athens wanawake walipanda mbegu za kuota haraka kwenye vyungu na vigae, wakavipandisha juu ya paa, miche ikachipuka na kunyauka kwa siku chache, kisha wakaitupa majini. Plutarch anasimulia kwamba mwaka 415 KK, jeshi la majini lilipokuwa likijiandaa kwenda Sicily, vilio vya Adonis vilisikika mjini na watu waliviona kama ndege mbaya. Msafara huo uliangamia. Katika desturi hii ya Athens kilichopo ni kifo na kilio. Ipo simulizi ambamo Zeus anamgawia mwaka, sehemu akae na Persephone kuzimu na sehemu na Aphrodite juu, inayofanana na zamu ya Dumuzi. Lakini sherehe ambamo watu wanalia, kisha kesho yake wanatangaza kwamba yu hai, inasimuliwa kuhusu Byblos katika maandishi ya karne ya 2 BK yanayobeba jina la Lucian. Hiyo ni miaka zaidi ya mia moja baada ya Yesu.

Attis wa Frigia, katika Uturuki ya leo, ni hivyohivyo. Ibada ya mpenzi wake, mungu wa kike Cybele, iliingia Roma mwaka 204 KK, lakini siku ya furaha ya tarehe 25 Machi inaonekana katika ushahidi wa karne za mwisho za Roma ya kipagani. Na katika simulizi moja alilotupatia mwandishi Mkristo Arnobius, Zeus anakataa kumrudishia Attis uhai. Anachokubali ni kwamba mwili usioze, nywele ziendelee kuota, na kidole kidogo kiendelee kucheza. Mithras, mungu mwingine aliyeabudiwa Roma, ambaye naye huwekwa kwenye orodha, hakufa kabisa. Aliyekufa ni fahali aliyechinjwa naye. Mtu akikuta desturi ya karne ya 4 BK inayofanana na Pasaka, inambidi aulize ni nani aliyemtazama mwenzake.

Wagiriki pia walikuwa na wanadamu waliorudi. Asclepius, mganga, alimrudishia mfu uhai, na Zeus akampiga kwa radi kwa kuvunja mpaka. Katika tamthilia ya Euripides ya mwaka 438 KK, Alcestis anakubali kufa badala ya mumewe, na shujaa Heracles anapigana mieleka na Mauti kaburini hadi anamleta nyumbani akiwa amefunikwa shela. Hazungumzi. Hataruhusiwa kusema mpaka siku ya tatu, kule kuwekwa wakfu kwa miungu wa kuzimu kukishaondolewa juu yake. Lakini Alcestis atazeeka na kufa tena. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa mjane wa Sarepta aliyeombewa na Eliya, na mtoto wa Mshunami wa Elisha, na yule maiti wa 2 Wafalme 13 aliyetupwa kwa haraka kaburini mwa Elisha, akagusa mifupa, akasimama. Hawa walirudishwa kwenye maisha yaleyale.

Kwa hiyo kicheko cha Areopago kinaeleweka. Watu wa Athens walizoea mungu anayekwenda na kurudi na majira. Walizoea shujaa mmoja aliyeponyoka mara moja. Wengine miongoni mwa Wagiriki walizikwa na vipande vya dhahabu vyenye maneno ya siri. Viwili vilivyopatikana Thessaly mwaka 1985, vya karne ya 4 KK, vinamwambia marehemu: sasa umekufa na sasa umezaliwa, ewe mwenye heri mara tatu, siku hii. Hilo lilikuwa tumaini la nafsi. Paulo alisema kitu kingine: mtu aliyekufa juzi, mwenye jina, amesimama, na kusimama kwake kunahusu siku ambayo dunia nzima itahukumiwa. Hilo halikuwamo katika kapu la Frazer.

Lilikuwamo kwingine. Huko Uajemi wafuasi wa nabii Zarathustra walitarajia Saoshyant, mwokozi ajaye, na siku ambayo wafu watainuka na ulimwengu kufanywa upya. Mwandishi Mgiriki Theopompus, wa karne ya 4 KK, tayari alijua kwamba Mamajusi, makuhani wa dini hiyo, hufundisha watu wataishi tena. Kitabu chao *Bundahishn* kinaeleza kwamba mifupa itadaiwa kutoka ardhini, damu kutoka majini, nywele kutoka kwenye mimea, uhai kutoka motoni. Na mto wa madini yaliyoyeyuka utakaowapitia wote utakuwa kwa mwema kama maziwa ya vuguvugu. Kitabu hicho kilikusanywa karne ya 9 BK, kwa hiyo kila neno lake lisirudishwe nyuma ovyo, lakini mizizi ya imani ni ya kale, imo katika Avesta yenyewe, maandiko yao matakatifu ya awali. Dini hii haiko mbali nasi. Waparsi waliofika Zanzibar kutoka India ni warithi wake, na mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alitoka katika familia yao. Msikilizaji wa pwani aliyekua akisikia habari za daraja la Sirati atashtuka kidogo akisoma kuhusu daraja lao, Chinvat, linalompanukia mwema na kuwa jembamba chini ya miguu ya mwovu.

Wayahudi waliishi chini ya wafalme wa Uajemi kwa miaka mia mbili hivi, tangu mwaka 539 KK. Wasomi wengi wanaona walijifunza hapo, wengine wanakana. Sikatai jirani kumfundisha jirani. Ila nikiyasoma maandishi ya Wayahudi naona imani hii ikikua kwa maumivu ya ndani. Vitabu vyao vya awali vinazungumzia kuzimu, Sheoli, mahali pa vumbi na kimya. Ayubu katika sura ya 14 anaitazama ile hoja yote ya mimea na kuikataa: mti una matumaini, ukikatwa utachipuka ukinusa maji, lakini mwanadamu akilala hainuki. Ezekieli anaona bonde la mifupa mikavu ikivaa mishipa na nyama, na anaambiwa papo hapo maana yake, kwamba mifupa hiyo ni nyumba yote ya Israeli. Ni taifa lililokuwa uhamishoni.

Kisha inakuja miaka ya 160 KK. Mfalme Antiochus wa Nne anapiga marufuku sheria ya Musa, na watu wanauawa kwa sababu ya utii wao kwa Mungu. Zamani mwema alitarajia umri mrefu na wajukuu. Sasa mwema ndiye anayekufa kijana. Katika siku hizo Danieli 12 inasema waziwazi kwamba wengi walalao mavumbini wataamka, wengine kwa uzima, wengine kwa aibu. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, kinawaonyesha ndugu saba wakiteswa mmoja baada ya mwingine mbele ya mama yao. Wa tatu ananyosha mikono iende kukatwa na kusema: nimeipata kutoka mbinguni, na kwake natumaini kuipata tena. Mikono hiihii. Haombi kuwa nyota, haombi nafsi itoke kwenye kifungo cha mwili, hangoji masika.

Masadukayo, watu wa hekalu na wa daraja la juu, hawakuikubali imani hiyo hata siku za Yesu. Mafarisayo waliishika, na kupitia kwao ilishuka vijijini. Katika Injili ya Yohana, Yesu anafika Bethania siku nne baada ya maziko ya Lazaro na kumwambia dada wa marehemu kwamba ndugu yake atafufuka. Martha hacheki wala haulizi maana ya neno. Anajibu kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua tangu utotoni, jambo la kweli lakini la mbali mno kumfariji leo: najua ya kuwa atafufuka, katika ufufuo, siku ya mwisho.